Uzio Una Mgongo

Nianze kwa kukiri, la sivyo watu wa kwetu Kagoma watakaosoma hapa watanicheka. Ile mianzi niliichagua mimi.

Ilikuwa 2018. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nina simu mpya na muda mwingi wa kuitazama. Kaka alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake ya bati la rangi kwenye kibanja cha Tata, na dirisha la sebule lilikuwa limeangaliana na jiko la nje la Bibi jirani. Wifi yangu, mtu wa mjini, hakupenda. Moshi, alisema. Siku nyingine akasema ukweli: kila akifungua pazia anakutana na macho ya Bibi, na inabidi amsalimie. Ukuta wa tofali ulikuwa ghali. Michongoma waliiona ya kishamba. Nikawaonyesha picha: nyumba nyeupe, nyasi zilizokatwa, na kando yake mianzi ya njano imesimama kama askari wa gwaride. Kaka akapenda. Miche kumi na miwili ikaja kwenye viriba, imenunuliwa kando ya barabara huko Mwanza. Muuza miche alimwambia mambo mawili: inakua haraka, na haina usumbufu. La kwanza lilikuwa kweli.

Mpakani palikuwa na milamula mitatu. Kwa asiyeufahamu, mlamula ni ule mti mwembamba wenye majani marefu kileleni, kama mtu aliyeamka na hajachana nywele. Hauna tunda la kula wala mbao, na kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Kijana aliyekuwa akichimba mashimo akauliza, "Hii tuitoe?" Kaka akanitazama, maana mchoro ulikuwa wangu. Haikuwa kwenye mstari. Nikasema itoeni.

Leo nasomea shahada ya uzamili ya isimu, na kila nikikumbuka jibu lile nataka kumrudishia mwalimu wangu wa Kihaya kila alama aliyowahi kunipa, kama ningekuwa nimewahi kufundishwa Kihaya darasani. Kulamula ni kuamua, kusuluhisha waliogombana. Mlamula ni msuluhishi. Wazee hawakuupa mti jina la uzuri wake; waliupa jina la kazi yake. Ulipandwa wenye mashamba wote wawili wakiwapo, majirani wakitazama, na tangu siku hiyo ukawa shahidi asiyehama wala kuhongwa. Unaota kwa kipande cha shina kilichochomekwa tu ardhini, unaishi miaka mingi kuliko aliyeuchomeka, na mizizi yake haina safari. Wachaga wana ndugu yake, isale, nao huweka mpaka kwa mti huo na kuombana msamaha kwa jani lake. Hakuna aliyewatuma Wahaya na Wachaga kukubaliana. Walitafuta mti unaotulia, wakaupata.

Sisi tuling'oa mashahidi watatu kwa asubuhi moja, tukaweka msafiri mahali pao.

Ninachotaka kusema hapa ni kimoja, na ninakisema kwa vijana wenzangu tunaorudi likizo na picha kwenye simu: ukipanda mwanzi mpakani ili usimwone jirani, umejifunga kwenda upande wake kila baada ya mvua kuutazama uzio wako kwa mgongo. Kama huwezi, usipande. Kama umeshapanda na huendi, unamega shamba la mtu, hata kama usiku unalala usingizi wa mtu mwema.

Mianzi si jambo moja, na hapa ndipo wauza miche wengi wanapotupoteza. Kuna mianzi ya kichaka, kama ile minene ya njano yenye mistari ya kijani tunayoiona sana Afrika Mashariki. Shina lake la chini ya ardhi ni fupi na nene. Likipiga hatua moja linageuka kwenda juu. Kichaka hunenepa mwaka hadi mwaka, lakini unakiona kikinenepa. Halafu kuna mianzi inayotambaa. Tuliyopanda sisi ni ya pili. Kitaalamu huitwa Phyllostachys aurea, asili yake ni China, na jina la mwisho maana yake ni dhahabu. Utaitambua kwa vifundo vya chini ya shina: vimebanana na kupindana, kana kwamba mtu aliukanyaga ulipokuwa mchanga. Huu chini ya ardhi una shina refu, jembamba, gumu, linalokimbia kwa ubapa, mara nyingi ndani ya sentimita 30 za juu za udongo, na katika kila pingili lina jicho linaloweza kuwa mwanzi mpya. Juu unaona kumi na miwili iliyonyooka. Chini kuna kitu kimoja chenye vidole.

Miaka miwili ya kwanza haukufanya lolote la maana. Kaka alianza kuulalamikia. Ulikuwa unajenga chini. Msimu wa tatu wa masika machipukizi yakatoka yakiwa na unene wake wote tayari, maana mwanzi haunenepi ukishatoka ardhini, na kwa takriban miezi miwili yakawa yamefika urefu wake wote. Wifi akapata pazia lake. Alifurahi kweli, na sitamnyima furaha hiyo; alikaa uani bila kanga ya pili kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Picha zikapigwa. Mimi mwenyewe nilizituma kwa marafiki.

Hakuna hata mmoja wetu aliyezunguka kwenda kwa Bibi kuona upande wa pili ukoje.

Nilikwenda Desemba 2023, tena si kwa uzio. Nilitumwa kumpelekea sukari. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, akanipa kahawa ya kutafuna kama anavyompa kila anayeingia kwake, akaniuliza habari za masomo na lini nitaolewa, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mwanzi wenu umekuja kunitembelea. Wageni huwa nawapa kahawa. Huyu ameiingia mwenyewe." Nikadhani ni utani. Akaniongoza nyuma ya jiko.

Katikati ya mibuni yake, yale mashina ya zamani ya robusta aliyoyakuta alipoolewa, kulikuwa na fito za njano. Nilizihesabu mpaka 31 nikaacha. Ya mbali kabisa ilikuwa hatua saba kutoka mahali nilipodhani mpaka ulipo. Nilipodhani, nasema, kwa sababu niligundua pale pale kwamba sijui. Nikamwuliza, "Bibi, mpaka wetu uko wapi hasa?" Akanitazama kwa muda. "Waitu, si mliung'oa?"

Alikuwa amekata machipukizi kwa panga misimu miwili, peke yake, umri ule. Kwa nini hakusema? Alisema. Alimwambia Tata, Tata akamwambia Kaka kwa simu, Kaka akasema akija atashughulikia. Akija hukaa siku nne.

Sasa ndugu msomaji anayetaka kuniambia kwamba mmea ni mmea tu, na majani ya migomba nayo huvuka mpaka bila kesi: nisikilize. Kaka ameniambia hivyo hivyo, tena kwa sauti. Jani la mgomba likivuka linakatwa, basi. Fito za mwanzi zikisimama miaka mitano mahali fulani, zinaanza kuonekana kama zimepandwa pale. Siku wapimaji watakapokuja kijijini kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, watauliza mpaka uko wapi, na kila mmoja atasimama mahali pake na majirani watatia sahihi. Kaka atasimama penye mwanzi wa mwisho. Sidai kwamba ni mwizi. Nasema atasimama hapo akiamini kabisa. Bibi atasimama wapi? Penye shimo la mlamula ambalo tumelifukia na kulipandia nyasi?

Na Bibi ni mjane. Kwa mtu wa Muleba au Bukoba neno hilo linatosha, lakini nitalifafanua kwa wengine. Kibanja chake ni cha ukoo wa marehemu mumewe. Wanawe wawili wa kiume hawapo, na shemeji zake wapo. Kila futi inayopotea upande wetu ni sababu ya mtu kusema hawezi kulinda ardhi ya ukoo. Sheria iko upande wake, tena sheria hiyo ilitoka kwetu. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi hiyo, na mahakama ile ikaubatilisha uuzaji. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba haki ya mwanamke hapo ni sawa na ya mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Vyuo vya sheria vinaifundisha kesi hiyo nchi nzima na nje. Lakini hukumu inamlinda mwanamke dhidi ya mtu anayesema. Mwanzi hausemi. Unasogea tu, na hakuna wa kumshtaki mpaka umefika kwenye kahawa.

Hata akishtaki: tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Baraza la Ardhi la Kata halihukumu tena, linapatanisha. Nadhani ni jambo zuri. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo kuna nauli, karatasi, na siku za kutolima. Bibi kwa nauli hiyo ananunua chumvi ya mwezi.

Kuna wanaosema ninaupiga vita mmea wa wokovu. Najua sifa za mianzi, na nyingi ni za kweli. Inashika udongo wa kingo za mito, inakatwa na kuota tena bila kupandwa upya, inatoa fito, ngazi, vikapu, mkaa. Kenya iliitangaza kuwa zao la biashara mwaka 2020. Katika vibanja vyetu, ambako mgomba wenye mkungu mzito lazima uegemezwe, fito za mwanzi ni mali. Siupingi mwanzi. Napinga mwanzi uliopandwa kwa ajili ya kutotazamwa.

Hiyo ndiyo tofauti, na watu wa Iringa na Njombe wanaijua bila kufundishwa. Huko mianzi ya ulanzi iko karibu na nyumba vizazi kwa vizazi. Ni ya kichaka, kweli, lakini pia haiachwi. Msimu wa mvua mgema anaupitia asubuhi na jioni, anakata ncha ya chipukizi, anakinga utomvu, anarudi tena. Hakuna chipukizi lisilo na mwenyewe. Mwanzi unaonywewa hauwezi kumponyoka mtu kirahisi.

Na sisi Wahaya tuna aibu zaidi, kwa sababu tumeishi na mmea unaotembea tangu mababu. Mgomba nao una shina chini ya ardhi. Nao hutoa machipukizi pembeni, na ukiuacha unahama taratibu mpaka unajikuta mlangoni kwa mtu. Mama yangu hajasoma botania lakini anaacha mama, mtoto na mjukuu katika kila shina, mengine anayang'oa, na anajua kila mgomba unaelekea wapi kama mtu anavyojua tabia za watoto wake. Anaweza kwa sababu anaingia kibanjani kila siku. Mnyauko ulipoingia Kagera mwaka 2006, tuliambiwa tukate ua dume kwa kijiti chenye panda na tusafishe panga kwa moto au jiki kabla ya kugusa shina jingine. Watu walinung'unika, ila hakuna aliyesema ugonjwa wa kibanja changu haumhusu jirani. Tulijua mizizi, wadudu na panga havijui mpaka. Mwanzi wa Mwanza ulipofika tukasahau yote hayo, kwa sababu tuliuweka kwenye fungu la mapambo, pamoja na vigae na taa za uani.

Magugu maji nayo yaliletwa Afrika kwa ajili ya maua yake. Ziwa letu linajua yaliyofuata.

Basi ifanywe nini? Sina maneno matamu hapa, kuna kuchimba tu. Ambaye hajapanda, apande mwanzi wa kichaka, tena ndani ya eneo lake, hatua kadhaa kutoka mpakani, na mpakani aache mlamula. Ambaye ameshapanda wa kutambaa, achimbe mfereji upande wa jirani, kina cha sentimita 40 hivi, upana wa jembe, na auache wazi. Nchi nyingine huzika plastiki nzito ya sentimita 60 au zaidi, ncha ya juu ikichomoza ili mzizi usiruke. Sisi tulijaribu mabati chakavu. Usipoteze muda, ulipita penye maungio. Mfereji wazi una faida moja kubwa: mzizi ukitokeza hewani unauona, na panga linatosha. Lakini lazima uende kuangalia, masika yakiisha na vuli ikiisha, kila mwaka, maadamu mwanzi upo.

Anayetaka kuung'oa kabisa ajue kwamba kukata mara moja ni kuupunguza kucha. Unakata wote, unasubiri machipukizi, unakata kabla hayajatoa majani, unarudia misimu miwili mitatu mpaka chakula kilichohifadhiwa chini kimekwisha. Dawa ya kuua magugu tuliikataa, kwa sababu migomba na mibuni ya Bibi iko hapo hapo.

Na gharama ni ya aliyepanda. Hili siliachi. Jimbo la Connecticut huko Marekani lina sheria tangu 2013: aliyepanda mwanzi wa kutambaa anawajibika kwa hasara ukivuka kwenda kwa jirani. Hawakuuondolea mtu uhuru wa kupanda. Walimkabidhi mzigo wake. Kijiji chetu kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na tunazo tayari za mifugo inayokula mazao ya watu. Mbuzi wa Kaka akila maharage ya Bibi, Kaka analipa siku hiyo hiyo, hana hata ubishi. Mwanzi wake ukila mahali pa maharage, eti tusubiri akija likizo.

Mwaka huu Juni nilirudi nyumbani na vitabu ambavyo sikuvifungua. Nilichimba na vijana wawili niliowalipa kwa hela ya kujikimu ya chuo, wiki nzima, kwa jembe na sururu. Kipande kirefu kuliko vyote tulichokitoa kwa Bibi kilikuwa na urefu wa mita sita na zaidi, cha njano, pingili fupi fupi kama uti wa mgongo wa nyoka, na kilikuwa kimepita katikati ya mizizi ya mbuni bila kuuomba ruhusa. Tulipoteza mbuni mmoja katika kukitoa. Bibi alisema hakuna neno. Lilikuwapo neno, nililiona usoni mwake. Ule mbuni aliukuta alipoolewa.

Mpaka tuliutafuta siku ya mwisho. Tata alikuja na fimbo yake, Bibi akaja na mzee mmoja wa jirani aliyekuwapo tangu zamani, na walibishana nusu saa kwa heshima kubwa na hasira kidogo. Mwishowe mzee yule akakumbuka jiwe, tukalifukua. Mwanzi wa kwanza wa Kaka, ule niliouchorea mimi mstari kwa kamba, ulikuwa umepandwa karibu hatua moja ndani ya kwa Bibi tangu siku ya kwanza. Tata hakusema kitu. Aliomba panga, akakata vipande vitatu vya mlamula kutoka upande wa chini wa kibanja, akavichomeka, mmoja penye jiwe, na akamwita Bibi ashike kila kimoja wakati udongo unashindiliwa.

Kaka alikasirika kwa simu kwa sababu nimeacha pengo kwenye uzio na wifi sasa anaonekana akifua. Nikamwambia pengo hilo ni la Bibi. Hatukuzungumza wiki mbili.

Juzi amefika Kagoma, na jioni akanitumia picha bila salamu: chipukizi moja, ng'ambo ya mfereji, kama mita mbili ndani ya mibuni. Chini yake ameandika, "Nifanyeje?" Nimemjibu aache kuruka mfereji. Achukue jembe, azunguke barabarani, apite mlango wa mbele kwa Bibi, na abishe hodi.